Protini zinaunganaje bila fundi? Majibu ya maswali yenu

Mwezi uliopita niliandika kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo. Nikagusia, kwa sentensi moja tu, kwamba protini nyingi hazifanyi kazi peke yake, bali huungana mbili, nne, kumi na nne, hata maelfu. Sentensi hiyo ndiyo iliyoleta maswali kuliko ukurasa mzima. Nimechagua haya kutoka Kigoma na Tabora. Mengine yametosheka na mistari michache. Lile la mama wa Ujiji, lililo mwisho, nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu kinasema himoglobini ina minyororo minne "iliyoungana", basi kinaendelea na mambo mengine. Nani anaiunganisha? Kuna kitu ndani ya seli kinachosimamia kazi hiyo?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kasulu*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo kitabu kililipita mbio.

Bila shaka umeisikia Liemba, kama hujaiona kwa macho. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli kuja huku, ikaundwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ilihitaji mafundi, michoro, nyundo na ribiti. Sasa fikiria makasha yale yangemwagwa tu ziwani, mawimbi yakavitikisa vile vipande, na baada ya muda mfupi meli nzima ikaelea. Kwa chuma jambo hilo haliwezekani. Kwa protini ndivyo inavyotokea wakati huu unaposoma, ndani ya mwili wako, bila msimamizi wala mchoro uliobandikwa ukutani. Mchoro umo kwenye sura ya kila kipande.

Kinachotikisa ni joto. Molekuli za maji hazitulii hata nukta moja, na protini iliyomo katikati yao inasukumwa huku na huku bila kukoma. Ndani ya bakteria, protini ya kawaida hukatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Na humo ndani hakuna nafasi: ni msongamano wa soko la Mwanga wakati dagaa wameshuka. Kila protini inagongana na wenzake mfululizo, na karibu migongano yote haina matokeo, wanagusana wanaachana. Unaodumu ni ule ambao nyuso mbili zimeoana.

Zinaoanaje? Hapa nakuomba uende jikoni. Chukua sufuria ya maji yaliyotulia, udondoshe matone machache ya mawese. Yataelea mbalimbali kwa muda, kisha yatasogeleana, yatagusana, yatakuwa duara moja. Ukidhani mafuta yanavutana kwa nguvu, umemsifu asiyehusika. Kazi kubwa imefanywa na maji. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na kila tone la mafuta linazilazimisha zilizo jirani yake zijipange kulizunguka. Matone mawili yakiwa moja, eneo la mafuta linalogusa maji limepungua, na maji yaliyokuwa yamebanwa yamepata uhuru wake. Sasa, juu ya uso wa protini kuna mabaka yanayokimbia maji kama mawese. Baka la protini moja likikutana na baka la nyingine, maji ya katikati hufukuzwa, na protini mbili zinabaki zimekumbatiana.

Lakini kama ingekuwa mafuta peke yake, kila protini ingegandamana na kila protini. Kuzunguka mabaka yale kuna sehemu zenye chaji chanya na chaji hasi, kuna vifungo vya hidrojeni, kuna mabonde na vilima. Chanya lazima ikute hasi, kilima kikute bonde. Kwa hiyo, kwa kifupi ambacho unaweza kukitumia hata kwenye mtihani: kukimbia maji ndiko kunakobana, umbo na chaji ndivyo vinavyochagua. Kila kifungo kimoja ni dhaifu. Vikiwa makumi kwa pamoja, havifunguki kirahisi.

Himoglobini yenyewe, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu, hufuata mpangilio. Mnyororo mmoja wa alfa (asidi amino 141) hukutana kwanza na mmoja wa beta (asidi amino 146), wanakuwa jozi. Kisha jozi mbili zinaungana.

Na sijakwambia uongo niliposema hakuna msimamizi, ila wapo wasaidizi. Mnyororo wa alfa ukiwa peke yake, kabla haujampata mwenzake, mabaka yake ya kukimbia maji yako wazi na unaweza kugandamana na usiyemhusu. Kuna protini ndogo inayoushika na kuusitiri hadi beta afike, kisha inaondoka. Mimi huziita protini za namna hii kungwi. Kungwi humwandaa mwari, humlinda asiharibikiwe, lakini siku ya harusi haingii ndani ya ndoa. Zipo nyingi. Bakteria wanayo moja iliyojengwa kwa vipande 14, pete mbili za saba saba, na protini isiyojua kujikunja huingizwa katikati ya pete kama chumbani, ikapata faragha ya kujipanga. Mwili ukipata homa kali, kungwi hawa huongezeka, kwa sababu joto linazikunjua protini na kazi ya kuzisitiri inakuwa kubwa.

Kwa nini ziungane? Si mnyororo mmoja ungebeba oksijeni vizuri tu?
*Msomaji, Nzega*

Ungebeba, na tunao: misuli yako ina mayoglobini, mnyororo mmoja, oksijeni moja. Tatizo lake ni kwamba ikiishika oksijeni haiiachii kirahisi. Himoglobini ni kama watu wanne walioshika mkeka kwenye pembe zake. Mmoja akiinua, wengine watatu wanausikia mkono wake. Mnyororo wa kwanza ukipata oksijeni kule mapafuni, umbo la kundi zima linabadilika kidogo, na watatu waliobaki wanaipokea kwa wepesi zaidi. Damu ikifika kwenye msuli uliochoka, mmoja akiachia, wenzake nao wanaachia. Max Perutz alianza kulitafuta umbo hilo miaka ya 1930 na akalipata mwaka 1959. Nobeli ikamjia mwaka 1962 pamoja na John Kendrew, aliyeifumbua mayoglobini. Zaidi ya miaka ishirini kwa molekuli moja. Mimi naona alistahili.

Nauza supu ya makongoro. Ikilala usiku inaganda ikatikisika kama mtoto mnene, nikiipasha inayeyuka tena. Ila yai nikilichemsha haligeuki nyuma. Na wateja wananiambia makongoro yanaponya magoti. Ni kweli?
*Mama lishe, Mwanga, Kigoma*

Mama, maabara yako iko jikoni, na umeona jambo ambalo wengi wanalila bila kuliona.

Kinachoganda ni kolajeni, protini ya ngozi, kano na mifupa. Ni minyororo mitatu iliyosukwa pamoja kama msuko wa nywele, kila mmoja una asidi amino zipatazo elfu moja. Katikati ya msuko nafasi ni finyu mno, kwa hiyo kila asidi amino ya tatu lazima iwe glisini, iliyo ndogo kuliko zote. Ukichemsha makongoro saa nyingi, misuko inafumuka na nyuzi zinasambaa mchuzini. Usiku supu ikipoa, nyuzi zinatafutana tena, lakini hazipati wenzake wa zamani. Zinasukana vipande vipande, uzi huu na ule, hadi unatokea wavu mmoja uliofunga maji yote ya sufuria. Huo ndio mtikisiko unaouona. Asubuhi moto mdogo unatosha kuufumua, maana vifungo ni vya juu juu.

Yai ni habari nyingine. Protini za ute, zikikunjuka kwa joto, mabaka yao ya kukimbia maji yanaachwa wazi yote kwa mara moja, na zinagandamana ovyo, mamilioni kwa mamilioni, kila moja na aliye karibu. Huko ndiko kuungana bila kuchaguana. Hakuna njia ya kurudi kwa kupoza.

Samaki nao ndiyo maana migebuka haihitaji moto wa makongoro: kolajeni ya samaki ina vibanio vichache kuliko ya ng'ombe, inafumuka kwa joto dogo. Vibanio hivyo, kwa binadamu na ng'ombe, vinatengenezwa kwa msaada wa vitamini C. Mtu akiikosa muda mrefu, misuko mipya ya kolajeni hulegea, fizi zinavuja damu na vidonda havifungi.

Kuhusu magoti, nitakujibu kwa uaminifu. Tumbo halijui kwamba ile ni kolajeni ya goti. Linaikatakata kuwa asidi amino na vipande vidogo, na mwili unavitumia popote unapojenga. Supu yako ni chakula kizuri chenye protini. Iuze kwa sifa hiyo, inatosha.

Tumbaku yangu imepata batobato, majani yana madoa ya kijani hafifu na kijani kibichi. Bwana shamba anasema ni kirusi. Unaweza kueleza ni kitu gani hasa, na kwa nini kinaenea shamba zima?
*Mkulima, Urambo*

Ndugu mkulima, adui wako ni maarufu kuliko unavyodhani. Batobato ya tumbaku ndicho kirusi cha kwanza kabisa kutambuliwa na sayansi, mwishoni mwa karne ya 19, na ndicho kilichowafundisha wanadamu kwamba protini zinajua kujipanga zenyewe.

Ukikikuza kwa hadubini ya elektroni utaona fimbo. Urefu wake ni nanomita 300, yaani fimbo zaidi ya elfu tatu zikipangwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia, ndipo zifike milimita moja. Katikati umo uzi wa RNA, ambao ndio maagizo ya kirusi, na nje umezungukwa na ganda la protini. Ganda hilo lina vipande 2,130, vyote vya aina moja, kila kimoja kina asidi amino 158, vimepangwa kwa mzunguko kama ngazi ya kupandia mnara. Ni Rosalind Franklin, mwanamke aliyefariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37 tu, aliyeonyesha kwamba uzi ule haukai kwenye tundu la katikati bali umezama ndani ya ganda.

Kwa nini vipande vingi vinavyofanana, badala ya ganda moja kubwa? Piga hesabu nami. Vipande 2,130 mara 158 ni zaidi ya asidi amino 336,000. Kila asidi amino inahitaji herufi tatu za RNA. Ganda la mnyororo mmoja lingehitaji maagizo ya herufi zaidi ya milioni moja, na kirusi kina herufi 6,400 hivi kwa kazi zake zote. Kwa hiyo kinaandika maagizo ya tofali moja na kulifyatua mara maelfu. Tena tofali likitoka bovu linaachwa, linachukuliwa jingine. Ganda la kipande kimoja likiwa na kosa, limepotea lote.

Mwaka 1955, huko Berkeley, Marekani, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walikitenganisha kirusi hiki: protini chupa hii, RNA chupa ile. Kisha wakachanganya. Mchanganyiko ukajipanga, fimbo zikarudi, na walipozipaka kwenye majani ya tumbaku, majani yakaugua. Nimefundisha habari hii miaka mingi na bado naistaajabia. Vitu viwili ndani ya maji, hakuna mkono wa mtu, na kinachotoka kinaweza kuambukiza shamba.

Sasa tuje kwenye kero yako. Fimbo ile imebanwa vizuri kiasi kwamba hudumu miaka ndani ya jani kavu, ikiwa ni pamoja na jani lililokaushwa banini na sigara iliyosokotwa. Ikiingia ndani ya seli ya mmea, ambako kalsiamu ni haba na uasidi umepungua, chaji hasi zilizokuwa zimetulizwa zinaanza kusukumana, mwisho wa fimbo unalegea, na RNA inachomoka. Imeundwa ikaze nje na ifunguke ndani.

Dawa ya kukitoa kwenye mmea haipo. Ng'oa miche yenye madoa uiondoe shambani mapema. Wanaofanya kazi kitaluni na wanaokata maua wasivute sigara wala kushika ugoro wakiwa kazini, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana kirusi hiki hakihitaji mdudu wa kukibeba. Vidole na visu vinatosha. Kuna wakulima wanaochovya mikono kwenye maziwa wakati wa kupandikiza, na si ushirikina: protini za maziwa hupunguza maambukizi.

Mama yangu anatumia insulini. Daktari alisema achome nusu saa kabla ya kula, na isigande wala isipate joto. Kuna uhusiano na haya unayoandika?
*Kijana, Tabora mjini*

Upo, tena wa moja kwa moja. Insulini ni protini ndogo, asidi amino 51. Ndani ya kongosho hutunzwa ikiwa imeungana sita sita, zimezunguka chembe mbili za zinki; Dorothy Hodgkin alituonyesha umbo hilo mwaka 1969, baada ya kulitafuta zaidi ya miaka thelathini. Zikiwa sita zinadumu. Lakini kazi ya kushusha sukari hufanywa na insulini moja moja. Kwa hiyo insulini ya kawaida ikichomwa chini ya ngozi, lazima kwanza kundi la sita livunjike kuwa mbili mbili, kisha moja moja, ndipo iingie kwenye damu. Nusu saa aliyoambiwa mama yako ni muda wa kuachana. Kuna insulini za haraka ambazo wanasayansi walibadilisha nafasi za asidi amino mbili tu zilizo jirani, lisini na prolini, mahali pale pale zinaposhikana. Mshiko ukalegea, dawa ikaanza kazi mapema.

Joto, kuganda kwa barafu na kutikiswa sana ni hatari kwa sababu insulini hukunjuka na kuanza kuungana kwa namna nyingine, nyuzi ndefu zisizofunguka tena. Dawa hiyo imekufa. Iliyopaswa kuwa safi kama maji ikionekana na ukungu, asiitumie. Ile ambayo kwa asili ni nyeupe, akiizungusha polepole viganjani ikabaki na chembechembe, nayo aitupe. Kama nyumbani hamna friji, chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ukawekwa katika mtungi wa udongo ulioloweshwa na kukaa kivulini, hubaki na ubaridi kuliko chumba. Muda wa kuitumia baada ya kufunguliwa umeandikwa kwenye karatasi ya dawa, aufuate.

Mimi ni mrina asali. Nyuki hubebaje sumu bila kujiua mwenyewe?
*Sikonge*

Protini kuu ya sumu ya nyuki ni melitini, asidi amino 26 tu. Upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unayakimbia, na upande huo wa pili ndio unaotoboa utando wa seli. Ndani ya mfuko wa sumu, melitini zinakaa nne nne, zimegeuziana pande za hatari kwa ndani, kama watu wanne walioelekezana ncha za visu katikati. Zikimiminwa kwenye mwili wako zinapungua wingi, zinaachana, na ncha zinageukia seli zako. Ukichomwa, ondoa mwiba haraka kwa njia yoyote. Na mwenzako akivimba uso au kupumua kwa shida, msingoje dawa ya kienyeji, mkimbizeni hospitali.

Kompyuta zinaweza kutabiri protini zipi zitaungana?
*Mwanafunzi wa chuo, Tabora*

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Programu ya AlphaFold imeweka wazi makadirio ya maumbo zaidi ya milioni 200, bure kwa mwenye intaneti, na matoleo yake mengine yanakisia pia miungano. Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobeli ya kemia mwaka 2024 kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker anayebuni protini mpya. Ila kompyuta hukuonyesha picha ya mwisho. Nani alitangulia kumshika nani, na kwa muda gani, bado ni kazi ya maabara. Fungua picha hizo hata kwa simu, uzizungushe. Mimi nilisoma kwa ubao na chaki, na natamani ningekuwa nazo nikiwa na umri wako.

Mwanangu ana miaka mitano, ana selimundu. Bibi yake anasema karogwa, kwa sababu alizaliwa mzima na maumivu yakaanza baadaye. Kliniki wananisisitiza maji, maji. Wanieleze kwa nini. Tena nina mimba ya miezi minane, naogopa.
*Mama, Ujiji*

Pole sana, mama. Nitaanza na bibi, kwa sababu alichokiona ni cha kweli, ila kina sababu nyingine.

Mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini ya watu wazima. Minyororo yake ya alfa haiungani na beta bali na mnyororo mwingine uitwao gama. Akizaliwa, gama inapungua taratibu na beta inashika nafasi. Kosa la selimundu limo kwenye beta. Ndiyo maana mtoto huonekana mzima miezi ya mwanzo, na dalili hujitokeza karibu na miezi sita na kuendelea. Hakuna aliyemtembelea usiku. Beta ilichukua zamu.

Kosa lenyewe ni dogo kupita kiasi. Katika asidi amino 146 za beta, ya sita imebadilika: palipotakiwa glutamati, inayopenda maji, imekaa valini, inayoyakimbia. Linus Pauling na wenzake walitangaza mwaka 1949 kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli, na Vernon Ingram akaipata asidi amino yenyewe miaka ya 1956 na 1957. Nimemweleza mwanafunzi wa Kasulu hapo juu kuhusu mabaka yanayokimbia maji. Valini ile ni baka jipya, moja tu, lililotokea nje ya himoglobini mahali pasipotakiwa. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, baka halina pa kushika. Ikiachia oksijeni, umbo linabadilika na kijishimo kinafunguka kwenye himoglobini ya jirani, kinacholitosha baka lile sawasawa. Wanashikana. Wa tatu anamshika wa pili. Chembe moja nyekundu ya damu ina himoglobini zipatazo milioni 270, zimebanana. Muda si mrefu zimejisokota kuwa kamba ya nyuzi 14, ngumu, na chembe iliyokuwa laini inanyooka ikawa kama mundu. Haipiti kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo mwanao analia mifupa.

Sasa maji. Kamba ile haianzi papo hapo. Kuna kusubiri: himoglobini chache za kwanza lazima zikutane kwa mkao unaofaa, na kabla ya hapo hakuna kinachoonekana. Chembe inayoachia oksijeni mguuni ina sekunde chache za kurudi mapafuni, na ikiwahi, kamba haifanyiki. Muda wa kusubiri unategemea mno jinsi himoglobini zilivyobanana. Chembe ikipoteza maji kidogo tu, kusubiri kunapungua mara nyingi sana, si kidogo. Ndiyo maana jua la mchana, homa, kuharisha na kutokunywa vinamletea mwanao maumivu, na kikombe cha maji kinachoonekana si kitu kinampa zile sekunde chache. Wakikwambia maji, maji, wanakuambia sayansi kamili.

Dawa ya haidroksiyurea nayo inafanya kazi kwa mlango huo huo. Inaufanya mwili urudishe kiasi cha gama, ile himoglobini ya tumboni, na hiyo haikubali kuingia kwenye kamba. Ikijichanganya humo inaichelewesha. Mwulize daktari kama inamfaa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni inayofuata wazo hilo hilo la kuirudisha gama. Bei yake bado iko mbali na watu kama sisi, na hilo linaniuma, maana watoto wanaoihitaji zaidi wako huku.

Wako huku kwa sababu ya malaria. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida hukingwa na malaria kali. Wewe na baba yake kila mmoja amebeba jeni moja bila kuugua, hamkukosa lolote. Lakini mtoto mwenye jeni zote mbili hana kinga hiyo, na malaria kwake ni hatari zaidi. Chandarua kila usiku, na dawa za kliniki asiziruke.

Kuhusu wa tumboni: kwa kila mimba, nafasi ya kuwa na selimundu ni moja kati ya nne, nafasi ya kubeba jeni moja kama ninyi ni mbili kati ya nne, na moja kati ya nne hana kabisa. Wa kwanza kuugua hakumwongezei wala kumpunguzia wa pili. Akizaliwa, waambie wahudumu mapema kwamba kaka yake ana selimundu, waombe tone la damu ya kisigino kwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe zinakunjamana kinaweza kumpitisha mtoto mchanga kuwa mzima, kwa sababu gama bado imemjaa. Kama hicho ndicho pekee kilichopo karibu, mpime, kisha mrudishe akitimiza miezi sita apimwe tena.